Ukikanyaga Mahindi Kwa Meza Yangu, Unalipa

Wasee, mmeniuliza sana kwa nini nilifuta ile video ya mahindi yakiungua. Ndiyo ilikuwa imefanya vizuri kuliko zote nilizowahi kuweka. Wengine mlidhani akaunti imevamiwa, wengine mkasema lazima kuna mtu amenitisha. Hakuna aliyenitisha. Niliifuta mwenyewe, usiku, nikiwa kitandani, na leo nataka kueleza sababu. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo chukua chai.

Kwanza kwa wageni. Mimi ni msee wa Moi's Bridge, pale njia ya Eldoret kwenda Kitale inapovuka mto Nzoia. Wazee bado wanakumbuka mji ukiitwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi mmoja wa enzi za mkoloni. Huku ni mahindi tu. Maghala ya bodi ya nafaka unayaona kabla hujaona mji wenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda, nikarudi nyumbani na simu yangu na stendi ya simu niliyotengeneza kwa waya. Hapo ndipo nilianza hii kazi ya michezo ya vita ya mezani.

Kama hujawahi kuuona, mchezo uko hivi. Mna majeshi mawili ya vinyago vidogo, vyangu vina urefu wa milimita 28 hivi. Mna meza, dadu na tepu ya kupimia. Kila mmoja anasogeza watu wake kwa zamu, dadu zinaamua nani amepigwa. Lakini raha yenyewe iko kwa mandhari: vilima, mto, nyumba, barabara, mashamba. Bila mandhari unacheza drafti tu.

Si kitu kipya. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prusia, Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza nzima yenye vipande vya plasta vya kupangwa upya, vikionyesha nchi na vijiji, ili maofisa wajifunze vita bila kufa. Mwaka 1813 mpaka leo watu wameendelea kuongeza. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu kizima cha kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea sakafuni, na mwishoni akasema wazi kwamba ukishaucheza mchezo huo utaona vile vita vya kweli ni upuzi. Mwaka mmoja baadaye dunia nzima ikaingia vitani. Hiyo ndiyo familia ya mchezo wetu.

Sasa, mashamba. Ukiingia YouTube utakuta Wazungu wanafundisha kutengeneza shamba la ngano kwa dakika kumi. Unachukua kile kizulia cha mlangoni chenye nyuzi ngumu, unakata kipande cha mraba, unapaka rangi kidogo, basi. Ukitaka shamba lililolimwa unabandika kitambaa cha kodrai, ile mistari yake inakuwa matuta. Nilijaribu zote mbili. Kodrai nilipata sokoni, suruali ya mitumba ya shilingi hamsini, na ikatoka poa. Lakini kila nikiangalia ile ngano yangu ya zulia naona kitu cha kwao. Ua la mawe, kijito, kondoo. Hakuna mtu kwetu anaishi hapo.

Nikaamua: nitapanda mahindi, na nitayapanda kwa vipimo.

Hapa ndipo hesabu ilinifundisha kitu. Kipimo changu ni 1 kwa 56. Mtu wa mita 1.7 anakuwa milimita 30. Mahindi ya kwetu yakikomaa yanampita mtu mzima, nikayapa mita 2 na nusu, yaani milimita 45 kwa meza. Tukipanda, mstari hadi mstari ni sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30. Kwa vipimo hivyo ekari moja inabeba mashina karibu 18,000. Na ekari moja kwa kipimo changu ni mraba wa mita 1 na sentimita 14 kila upande.

Meza yangu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya makreti ya soda. Una urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 80. Nikapiga hesabu mara mbili juu sikuamini. Mlango wote ni kama ekari moja na robo. Yaani vita vyote tunavyopigana pale, majeshi mawili, mizinga, mabendera, vinapiganwa juu ya ekari moja na robo. Hiyo ni shamba la mtu mmoja. Hiyo haifiki hata shamba la nyanya yangu.

Hilo nililiandika kwa daftari halafu nikasahau. Nilikuwa na kazi ya kufanya.

Nilitengeneza robo ekari, mraba wa sentimita 57. Mashina yote ya kweli yangekuwa 4,500, nikaona nitazeeka, nikaongeza nafasi maradufu kila upande, yakabaki kama 1,200. Shina ni njiti ya ufagio wa uani iliyokatwa vipande vya milimita 45. Ufagio mmoja na nusu uliisha. Majani ni bahasha za kaki. Mnajua ni bahasha gani? Zile nilizonunua za kupeleka CV Eldoret. Kaki ndiyo rangi kamili ya jani la hindi lililokauka. Majani manne kwa kila shina, hiyo ni 4,800, yote nimeyakata kwa makasi na kuyakunja kwa ukucha. Udongo ni wa kwetu, niliukausha kwa sufuria kuukuu, nikauchekecha, nikaumwaga juu ya gundi nyeupe ya maseremala.

Shamba nililigawa vipande vitano vinavyotoka. Vitatu mahindi yamesimama. Viwili yamekatwa na mabua yamepangwa yakiegemeana, vile vichuguu vya mabua unavyoviona kila mahali huku kuanzia Oktoba, mahindi yakingoja kukauka na mashine ya kupukuchua. Nilijivunia hivyo vichuguu kuliko kitu chochote. Hakuna mtu YouTube anavyo.

Wiki tatu. Halafu tukacheza.

Vita vilikuwa vya kubuni, mwaka 1916, Waingereza na Wajerumani mahali fulani Tanganyika, shamba tu ndilo la kwetu. Binamu yangu alikuwa Mjerumani, mimi na jirani Waingereza. Kwenye kanuni tulizokuwa tunatumia, shamba lina kazi moja: ukijificha ndani, ni ngumu kukupiga, na unatembea pole pole. Hiyo tu. Ni kama ukuta laini. Binamu akaona anashindwa, akaamua kurudi nyuma, na ili tusipate pa kujificha akalichoma shamba. Hakuna kanuni iliyomkataza. Tukacheka, tukaleta pamba, tukaipaka masizi, nikaweka tochi ya simu chini yake na karatasi ya rangi ya machungwa, nikarekodi. Wasee, ilikaa kweli. Nikaandika juu yake: "Mahindi choma ya bure." Nikaposti.

Mkaipenda. Kufikia asubuhi simu ilikuwa moto.

Siku ya tatu binamu alikuwa anamwonyesha nyanya jikoni vile nimekuwa mtu maarufu. Mimi niko mlangoni. Nyanya akaishika simu mbali kidogo, macho yake si mazuri, akaangalia mpaka mwisho. Akauliza, "Haya ni mahindi ya nani?"

Binamu akacheka, akamwambia ni ya mchezo, nimeyatengeneza mimi kwa ufagio. Nyanya akarudisha simu. Akaendelea kuchambua sukuma. Baada ya muda akaniambia, "Baba, ulikuwa na miaka minne. Wewe hukumbuki."

Januari 2008. Mnajua ninachosema, hata kama kwenu hakiongelewi mezani. Kura ya Desemba 2007, halafu wiki zile. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchi nzima, mamia ya maelfu wakahama makwao, na Uasin Gishu yetu ndiyo ilikuwa katikati ya moto. Kiambaa, tarehe mosi Januari, watu walichomwa ndani ya kanisa. Hizo ndizo habari zilizoandikwa. Nyanya aliniambia ambayo haikuandikwa. Jirani yetu wa upande wa chini alikimbia usiku na watoto. Mahindi yake yalikuwa yamekatwa, yamesimamishwa vichuguu, anangoja mashine. Yakawashwa. Nyanya alikuwa amejifungia ndani na mimi nimelala mapajani mwake, na mwanga ulikuwa unaingia kwenye nyufa za mlango hadi aliweza kuona uso wangu. Alisema mabua makavu hayaungui kama nyumba. Yanaungua haraka, moja, halafu lingine, halafu lingine, na unaweza kuyahesabu.

"Nilihesabu," akasema. "Sikutoka."

Jirani hakurudi. Shamba liliuzwa. Mimi nimepita pale maisha yangu yote nikienda shule.

Nyanya hakuniambia nifute chochote. Hajui hata kufuta ni nini. Lakini nilienda kulala nikarudi kuiangalia ile video na maneno yangu juu yake, mahindi choma ya bure, na nikashindwa. Ndiyo hiyo sababu.

Sasa maoni yangu, kwa sababu hii si hadithi ya majuto tu.

Nilirudi kwa ile namba niliyoandika kwa daftari: ekari moja na robo. Mchezo wetu unahesabu kila askari. Akianguka mmoja unamtoa, unaandika. Lakini kitu kikubwa zaidi kwa meza, kile kinachochukua nafasi yote, hakihesabiwi kabisa. Shamba halina mwenyewe. Ukilikanyaga mara kumi linabaki vile vile. Nikaanza kusoma vita vya kweli vya huku kwetu, na nikaona tumelielewa jambo kinyume.

Chukua Maji Maji, kusini mwa Tanganyika, 1905 hadi 1907. Ukiambiwa utengeneze mchezo wake utaweka bunduki upande mmoja na mikuki upande mwingine. Lakini bunduki hazikuua wengi kama njaa. Wajerumani walipoona vita vya msituni haviishi, walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Wanahistoria wanakadiria waliokufa wanaweza kufika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao ni njaa iliyowaua. Kwa hiyo katika vita hivyo shamba halikuwa mahali pa kujificha. Shamba ndilo lililopigwa.

Chukua hata vile vita vyetu vya mezani vya 1914 hadi 1918. Majeshi yalikuwa yanazunguka Afrika Mashariki nzima, na jeshi linalozunguka linakula. Linakula nini? Linakula mtama wa mtu, ng'ombe wa mtu. Na vijana wa kulima wanachukuliwa kubeba mizigo. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa magonjwa na chakula kibaya. Jina la Kariakor pale Nairobi na Kariakoo ya Dar limetoka kwao. Kule Ugogo, katikati ya Tanzania, baada ya majeshi kupita na kuchukua nafaka, mifugo na watu, mvua nayo ikakataa, kukaja njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliipa jina, Mtunya. Askari wangu wa milimita 28 nimewapaka rangi hadi vifungo. Mtu wa Ugogo hayuko popote kwa meza.

Ndiyo maana nasema shamba likiwekwa kama pambo, mchezo unadanganya. Na unatudanganya sisi zaidi ya mtu wa Uingereza, kwa sababu sisi tunaishi shambani.

Basi nimetunga kanuni, tunaziita Kanuni za Magunia. Ziko tatu, chukueni bure.

Ya kwanza: kila shamba lina mwenyewe, na mwenyewe yuko kwa meza. Mimi nimetengeneza mama mmoja na watoto wawili kwa udongo wa mfinyanzi. Hawapigwi. Hakuna anayewasogeza ila wao wenyewe wakitoka shamba likishika moto.

Ya pili: robo ekari yangu ni magunia matano ya kilo 90, nikihesabu mavuno ya magunia 20 kwa ekari. Huku nyumbani tunapiga hesabu ya gunia moja kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa hiyo vipande vyangu vitano ni watu watano, mwaka mzima. Jeshi likikanyaga kipande kwa zamu mbili, au likikichoma, au likichukua nafaka, kipande kinatoka na chini unabaki udongo mtupu. Kushika barabara ni pointi 10. Kila gunia ulilopoteza wewe, umekatwa pointi 3. Piga hesabu mwenyewe: ukishinda barabara na ukachoma shamba lote, una hasi 5. Umeshinda nini sasa?

Ya tatu ndiyo binamu anaichukia. Kila gunia ulilopoteza, mchezo ukiisha unakaa chini na makasi na bahasha za kaki, unatengeneza mashina ishirini. Ishirini ni majani themanini. Kwa mtu hajazoea ni saa nzima na zaidi. Unatoka na vidole vimenata gundi.

Najua mtasema nini, wengine mmeshasema.

"Ni mchezo tu, unatuharibia raha." Tumecheza mara sita na kanuni hizi, na raha imeongezeka. Zamani kila mtu alikuwa anakata shamba katikati moja kwa moja. Sasa tunabishana: tuzunguke kwa mto, tupoteze zamu mbili, ama tupite kwa mahindi? Mara ya mwisho jirani alizunguka. Alishindwa vita kwa ajili hiyo. Alikasirika kweli, na bado hakupita kwa mahindi. Hiyo ni mechi nzuri kuliko zote tulizocheza.

"Unajifanya mwalimu." Msee, mimi niliacha chuo. Nafundisha nani? Nasema tu vile nimeona kwa mkono wangu.

Na hili ndilo gumu, aliniuliza dada mmoja kwa komenti: kama inakuuma hivyo, kwa nini usiache vita kabisa, utengeneze shamba zuri peke yake? Nimelifikiria, na sina jibu safi. Ninachojua ni kwamba nilijifunza kuhusu lile shamba la jirani kwa sababu nilitengeneza vichuguu vya mabua halafu nikaviweka mbele ya moto. Kama ningetengeneza shamba zuri tu, nyanya angesema ni zuri, na tungeishia hapo. Lakini kuna kitu sitaweka kwa meza, na nawaomba msiniombe: 2008 yenyewe. Mmeniandikia "fanya ya PEV". Hapana. Watu wa 2008 tunapanda nao matatu. Waliochomewa wako, na waliochoma wako, na wote wananunua unga duka moja. Hiyo si ya dadu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama umekuwa ukitengeneza mandhari, ama unataka kuanza, tengeneza shamba la kwenu. Ukiwa Kericho tengeneza majani chai, sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwa na kupakwa kijani inatosha. Ukiwa Mwea tengeneza mpunga, chini mimina vanishi ya kung'aa iwe maji. Mumias, miwa. Halafu muulize mtu wa nyumbani mkubwa kuliko wewe, hapa kwa hili shamba kuliwahi kutokea nini? Muulize kabla hujaleta askari. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa.

Video mpya inatoka Jumamosi. Haina moto. Ni binamu yangu akilipa deni la magunia matatu, mashina sitini, akilalamika mwanzo hadi mwisho. Nyanya anapita nyuma mara moja, anainama, anaangalia shamba. Anachomoa shina moja nililolipanda karibu sana na lenzake, analiweka kando, anaenda zake.

Amesema nimesongamanisha. Hayatazaa.